Zamu ya Kumgeuza Mama

Jina la Bi Ratiba alipewa na mimi, sitamsingizia mtu mwingine. Miaka tisa tumekaa meza moja kwenye chumba cha walimu, mimi Hesabu, yeye Jiografia, na kila mwanzo wa muhula ni yeye anayepanga vipindi vya shule nzima kwa rula na penseli, walimu ishirini na sita, bila hata mmoja kutakiwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukimwendea kulalamika kwamba amekupa kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa, anashusha miwani, anakutazama, anauliza kwa upole, "Sawa, mwalimu. Nimpe nani badala yako?" Unaondoka mdogomdogo. Ndipo nikamwita Bi Ratiba, na wala si kwa mapenzi.

Kusema kweli nilimwona anajivuna. Hakai kupiga soga na wenzake. Kengele ya mwisho ikilia, mwenzako kashabeba mkoba, yuko getini. Halafu kusinzia kwake! Tuko kwenye kikao, Mkuu wa shule anahutubia habari za usafi wa vyoo, Bi Ratiba kichwa kinashuka taratibu mpaka kidevu kinagusa kifua. Mimi ndiye niliyekuwa nampiga kiwiko. Mara nyingine nilimpiga zaidi ya ilivyohitajika, Mungu anisamehe.

Tulijua mama yake anaumwa. Tulijua kama tunavyojua kwamba paa la stoo linavuja: limetajwa mara moja, watu wakasema pole, tukaendelea na mambo yetu.

Wiki ya mwisho ya mwaka pale kwetu ni wiki ya ripoti, na aliyeibuni hakuwa na mgongo. Tunaunganisha meza zote kuwa moja ndefu, tunakaa pande mbili, na fomu za wanafunzi zinatembea kutoka mkono hadi mkono. Kila mwalimu anajaza mstari wa somo lake: alama, daraja, maoni, saini, anamsukumia aliye kushoto. Wanafunzi mia saba na kitu. Ikifika siku ya pili kidole cha kati kimeota sugu, miguu imevimba ndani ya viatu, na maoni yamekuishia kichwani. Umeandika "aongeze bidii" mara mia mbili, wewe mwenyewe bidii huna.

Ili tusilale, tuna desturi yetu. Mkuu aliianzisha zamani: mikono ikiandika, kila mtu kwa zamu anaeleza kwao Krismasi inakuwaje. Kila mwaka ni hadithi zilezile, na kila mwaka tunazicheka upya kwa sababu uchovu unafanya kila kitu kichekeshe. Kocha, mwalimu wa michezo, kwao siku hiyo ni mechi: waliozaliwa kwenye ukoo dhidi ya waliooa na kuolewa. Refa ni bibi yake, anachezesha akiwa amekaa kwenye kiti na filimbi mdomoni, na tangu dunia iumbwe mashemeji hawajawahi kushinda. Mwalimu wa Baiolojia, ambaye tunamwita Daktari kwa sababu anamwandikia kila mtu dawa bila kuulizwa, kwao wanalala wote sebuleni chini, na aliyekoroma kupita wenzake ndiye anaosha vyombo vya sikukuu. Mimi kwetu tunagombana. Nalo ni jambo la kifamilia, na tunalifanya vizuri.

Mwaka huu tulikuwa na mwalimu mpya, binti mchangamfu wa Kiingereza, ambaye mwezi wa kumi na mbili ulimkuta bado anaitwa Mgeni. Yeye akasema kwao baba yake anaita rejista. Kabla ya kugusa chakula, mzee anasimama na daftari, anaita watoto wote kwa majina, kuanzia kifungua mimba mpaka kitindamimba, na lazima uitike "nipo".

"Na asiyekuwepo?" Kocha akauliza.

"Mmoja wetu lazima aseme yuko wapi. Baba anasema mtoto hawezi kukosekana hivihivi tu, kama sufuria."

Tukacheka. Zamu ikafika kwa Bi Ratiba. Akasema kile anachosema kila mwaka, bila kuinua macho kwenye fomu: "Kwetu tunakula, tunamshukuru Mungu, tunalala." Akanisukumia rundo lake.

Nikachukua fomu ya juu nijaze Hesabu. Macho yakaangukia mstari wa Jiografia. Alama sitini na mbili, sawa. Daraja, sawa. Kwenye maoni kwa mwandiko wake ulionyooka, ameandika: "Saa nane usiku. Upande wa kushoto. Shuka limebadilishwa."

Nikadhani ni macho yangu. Nikachukua ya pili: "Saa kumi. Mgongo. Amekunywa maji kidogo." Ya tatu: "Saa kumi na mbili. Upande wa kulia. Analia."

Mimi nina mdomo, nakiri. Badala ya kumnong'oneza, nikamwonyesha Kocha aliyekaa mbele yangu, naye hajui kunong'ona tangu azaliwe. Akasoma kwa sauti. "Shuka limebadilishwa! Jamani, huyu mtoto wa kidato cha pili anafundishwa Jiografia gani?" Meza nzima ikaangua kicheko. Daktari akafuta machozi. Hata Mkuu alicheka, mpaka alipokumbuka kwamba fomu zinahesabiwa, na zilizoharibika lazima zitolewe maelezo. Akaja mbio. Zilikuwa kumi na moja.

"Mwalimu, hiki nini?"

Bi Ratiba alizitazama fomu zile kwa muda mrefu. Hakushtuka wala hakuona haya. Alikuwa anazisoma kama mtu anayehakiki kazi yake, kuona kama saa ziko sawa.

"Nitaziandika upya, Mkuu," akasema. "Nilisinzia. Haya ni ya daftari la mama."

Ndipo tukaelezwa. Mama yake alipata kiharusi miaka sita iliyopita. Upande mmoja haufanyi kazi, na akili inakuja na kuondoka. Hawezi kujigeuza kitandani. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili anatoka vidonda, alishatoka mara moja, mfupa ukaonekana. Basi kila baada ya saa mbili anageuzwa, mchana na usiku, na inaandikwa kwenye daftari. Siku za shule anakuja mama mmoja wa jirani kumwangalia mpaka saa kumi. Kuanzia hapo mpaka asubuhi ni Bi Ratiba peke yake na saa ya kengele. Shule ikifungwa, mama wa jirani naye anafunga, ana kwake. Sisi tunahesabu siku za likizo tukifurahi, kumbe yeye anazihesabu kwa woga.

"Unapata usingizi wa muda gani?" Daktari akauliza. Kwa mara ya kwanza hakuwa na dawa.

"Saa moja na nusu. Halafu tena saa moja na nusu."

Miaka sita. Nikakumbuka kiwiko changu, nikatamani nikikate.

Mgeni ndiye aliyeuliza, kwa kuwa hakuzoea bado kutouliza. "Mwalimu, samahani. Mko wawili tu?"

"Nyumbani tuko wawili. Kwa mama tumezaliwa sita, mimi ndiye wa mwisho. Kaka watatu, dada wawili. Wana familia zao." Alisema "wana familia zao" kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

"Na ukiulizwa unataka zawadi gani ya Krismasi?"

Bi Ratiba akafikiri. Hakutania. "Nilale," akasema. "Kuanzia asubuhi mpaka jioni, asije mtu kuniamsha. Siku moja tu. Sitaki kingine."

Kocha akapiga meza. "Sasa wewe, unapanga zamu za watu ishirini na sita, za ndugu watano zitakushinda? Wapangie!"

Tukamshangilia. Akatoa rula, akapiga mistari: siku ya Krismasi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ndugu watano, saa mbilimbili kila mmoja. Walimu ni walimu, tulimharibia hapohapo. Mkuu akasema iwe na kichwa cha habari. Mimi nikaongeza chini, "Asiyeweza kufika atoe taarifa mapema." Daktari akaweka "Nyote mnaombwa kuzingatia muda." Ikapigwa picha ikatumwa kwenye kundi la familia, na tukarudi kwenye ripoti tukijisifu.

Majibu yalikuja siku ya kufunga shule. Madirisha yameshafungwa, viti viko juu ya meza, tunagawana keki ya kuagana kwenye vipande vya karatasi. Simu yake ikaanza kulia, ting, ting. Alisoma moja moja, akanikabidhi simu nisome mwenyewe. Kaka mkubwa: tangu lini sisi tumekuwa wanafunzi wako? Wa pili: mdogo wangu, unajua hali, utuvumilie mwaka huu. Dada: wewe ndiye unayejua kumgeuza, sisi tutamuumiza. Wa nne alikuwa amesoma na hakujibu. Dada wa tano alituma kile kipicha cha mikono miwili ya kusali.

"Mikono anayo, kumbe," nikasema. "Si ailete imgeuze mama yake!"

"Basi, mwalimu," Bi Ratiba akaniambia. "Nilijua." Akala keki yake yote, polepole, akakunja karatasi vizuri mara nne. Nilikasirika kuliko ambavyo ningekasirika kama angelia.

Nikashusha kiti, nikakaa, nikachukua rula yake bila ruhusa. Mimi sijawahi kupanga ratiba maishani, na ilionekana. Niliandika siku ile ile, saa zile zile, kisha majina ya wenzangu mmoja mmoja nikiwatazama usoni. Mkuu akasema, "Nina wageni siku hiyo." Nikamwambia wageni wako watakula tu hata usipowatazama. Akakohoa, akasema basi niandike. Daktari, Kocha, Mgeni, mimi. Tulifika watano, idadi ya ndugu zake.

Bi Ratiba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilidhani atakataa, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumgombeza. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu nyekundu.

"Mkuu umemweka kipindi cha pili na cha tatu," akasema. "Hawezi kuwa kote. Cha tatu mpe Mgeni." Akasahihisha. Halafu akakaa chini ghafla, kwenye sakafu ileile ya vumbi la chaki, akajifunika uso na kalamu ikiwa mkononi, na Mgeni akakaa naye.

Krismasi asubuhi tulifika wote saa moja kasoro, kwa mafunzo. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na kijisebule, sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa. Kitanda cha mama kiko dirishani. Juu ya kitanda, ukutani, kuna ratiba kama ile ya ofisini kwa Mkuu, imepigwa mistari kwa penseli, safu tatu: kulia, mgongo, kushoto. Daftari limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa kitanda. Mama mwenyewe ni kijimwanamke kidogo, kichwa cheupe kama pamba, jicho moja limelegea, lile jingine linakukagua kama mkaguzi wa elimu.

Bi Ratiba alitufundisha. Usimvute mkono. Kunja goti, shika shuka la chini, vuta shuka, usivute mtu. Mto mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti. Tazama kisigino kama kimekuwa chekundu. Kila mmoja alifanya mbele yake, na Kocha alirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alitaka kumnyanyua mama mzima mzima kama kombe.

Saa mbili tukamgeuza na Kocha akaanza zamu yake. Bi Ratiba aliingia chumba cha pili na nguo zake zote, akaacha mlango wazi nusu. Hakulala. Kila nilipofika mlangoni na viatu mkononi niondoke, nilimsikia: "Mto wa magoti umeweka?" Tumeweka. "Maji ya vuguvugu, si ya baridi." Ndiyo, mwalimu. "Dirisha!" Limefungwa, mwalimu, lala basi! Kama saa tatu hivi akanyamaza. Kocha aliniambia baadaye alikwenda kuchungulia akidhani amezimia. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia, saa ya kengele ikiwa kifuani.

Kocha aliichukua ile saa, akaitoa betri.

Nilirudi mchana kushika zamu yangu. Nyumbani kwetu ugomvi ulikuwa umeshaanza, niliuacha na wengine. Nikamkuta Mgeni anamlisha mama uji, na daftari limejazwa kwa miandiko mitatu. Mkuu alikuwa ameandika kwa wino mweusi: "Saa nne. Mgongo. Amenigombeza kwa kuchelewa kurudi kutoka shuleni na shati kuchafuka. Nimeomba radhi." Nilisoma mara mbili. Yule mzee mwenyewe, mwenye kutufokea kwa kuchelewa dakika tano!

"Anatuita watoto wake," Mgeni akaninong'oneza. "Mkuu ni kaka mkubwa. Nilipomwambia mimi si mwanawe alilia, basi nikaacha kumwambia."

Mama akaniona mlangoni. Jicho zima likanipima kutoka juu mpaka chini. Akaniita kwa jina la binti yake mkubwa, maneno yakitoka taratibu. "Umenenepa," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni uzee."

"Si uzee. Unakula ovyo. Njoo nikuone."

Nikaenda. Akanishika mkono kwa ule wake unaofanya kazi na hakuuachia mpaka saa nane tulipomgeuza. Aliniuliza habari za mume nisiye naye na watoto nisiowajua, nami nikajibu wote hawajambo. Mimi mama yangu hayupo siku nyingi. Sitasema zaidi.

Saa kumi kasorobo walikuja wote, Mkuu na tai yake, Kocha ana tope magotini, Daktari ana hotipoti ya chakula. Wazo lilikuwa la Mgeni. Alisema kwa vile ni Krismasi, na mama anajua majina kuliko anavyojua siku, tumwache aite rejista kama kwao. Tukasimama kuzunguka kitanda, wafanyakazi watano wa shule moja, tukiwa tumechoka hata kucheka.

"Mama," Mgeni akamwinamia, "hebu ita watoto wako. Wako hapa."

Mama akashusha pumzi. Akaita jina la kwanza, la kaka mkubwa, kwa nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Nipo," akasema Mkuu. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake.

Akaita la pili. "Nipo, mama," Daktari. La tatu lilikuwa langu, nikaitika. La nne, Kocha akainua mkono kama mwanafunzi. La tano Mgeni.

Halafu akaita la sita.

Hilo tulilijua. Ni jina la Bi Ratiba mwenyewe, ambalo mimi nilikuwa nimelifunika kwa utani wangu miaka yote. Mama akaliita tena, akazungusha jicho kutoka uso hadi uso.

Nikageuka. Bi Ratiba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui aliamka saa ngapi. Alama za mto zilikuwa shavuni, shuka begani, amefumbua mdomo aitike. Mama akamtazama moja kwa moja, akamtazama vizuri, akampita, akarudi kwetu.

"Kitindamimba wangu sijamwona," akasema. "Wenzake wote wamekuja. Yeye tu ndiye hakuja. Yuko wapi?"

Nilitaka kusema, nilitaka kumvuta Bi Ratiba kwa mkono nimlete kitandani, niseme mama, ni huyu, miaka sita ni huyu, hao wengine hata simu hawapigi. Midomo ilikataa. Mgeni alikuwa anamwaga machozi waziwazi kwa sababu desturi ilikuwa ya kwao na sasa ilidai mtu aseme.

Akasema Bi Ratiba mwenyewe. Alishika mwimo wa mlango, akasema polepole, "Amelala, mama."

"Amelala?"

"Ndiyo. Amelala."

Mama akafikiria jambo hilo. Uso ukalegea.

"Basi msimwamshe," akasema. "Huyo mtoto anachoka sana."

Bi Ratiba hakusogea. Kwa mazoea akatupa jicho ukutani, kwenye ratiba, halafu kwenye saa. Ilikuwa saa kumi kamili, wakati wa kugeuza, akapiga hatua kuelekea kitandani. Nikatangulia. Nikashika shuka la chini upande mmoja, Mkuu akashika wa pili.

"Umemsikia mama yako," nikamwambia. "Rudi."

Akatutazama sote, mmoja mmoja. Akarudi chumbani, na safari hii akafunga mlango. Tukamgeuza mama upande wa kushoto, nami nikaandika kwenye daftari.